Dawa ya Paipu Haikatiwi Utepe

Haya ndiyo niliyowaambia wenzangu kwenye mjadala wetu wa Ijumaa. Kama kawaida, hatutaji mtu wala chama.

1. Kila kampeni utasikia, "Nitawaletea maji!" Sawa. Lakini yatapitia paipu gani, na yataifanya nini hiyo paipu? Hapo jukwaa hunyamaza.

2. Maji yenye asidi au kloraidi nyingi hula chuma polepole. Kama paipu au viungio vina madini ya risasi, sumu hiyo huingia kwenye maji. Huioni, huinusi. Inaumiza zaidi ubongo wa mtoto.

3. Mfano: mji wa Flint, jimbo la Michigan, Marekani. Mwaka 2014 mji ulikuwa umeishiwa, na mwenye usemi wa mwisho alikuwa msimamizi aliyeteuliwa na jimbo, si aliyechaguliwa na wakazi. Ili kubana matumizi, wakaacha maji ya Detroit wakahamia ya Mto Flint. Ya Detroit yalikuwa yanatiwa fosfeti, ambayo hujenga utando ndani ya paipu. Ya mto hayakutiwa. Utando ukabanduka, risasi ikafika jikoni.

4. Wakazi walilalamikia rangi na harufu, wakaambiwa maji ni salama. Oktoba 2014 kiwanda cha injini cha General Motors kikayaacha kwa sababu yalikuwa yanakula vipuri. Yaani chuma kiliokolewa kwanza! Watu waliendelea kuyatumia hadi Oktoba 2015.

5. Kuna anayesema, "Maji yafike kwanza, dawa baadaye." Namwelewa. Anayebeba mtungi kilomita tatu hana muda wa kemia. Lakini Flint walikwepa gharama ndogo, kisha fidia ikapita dola milioni 600. Na pesa haimrudishii mtoto afya.

6. Sasa sisi. Kifungu cha 43 cha Katiba yetu ya 2010 kinatupa haki ya maji safi na salama, ya kutosha. Huduma yenyewe iko mikononi mwa kaunti. Kwa hivyo mgombea akija kwenu, muulize:
– Nani anapima maji kwenye mfereji wa nyumbani, si kwenye mtambo tu?
– Matokeo yanatangazwa wapi?
– Bajeti ya kutunza paipu ni ngapi?

Kisima kipya kina utepe na picha. Dawa ya paipu haina. Ndiyo maana tusipouliza sisi, hakuna atakayeitaja.