Umeitoa Wapi Simu Hii?

Mtu akikutwa na simu ya wizi, wengi hudhani kesi imekwisha. La hasha. Ibara ya 50 ya Katiba ya Kenya humhesabu kuwa hana hatia, na Mahakama ya Rufaa huutaka upande wa mashtaka uthibitishe kwanza kwamba mali ilikutwa kwake, ni ya mlalamikaji, iliibwa kwa mlalamikaji huyo, tena hivi karibuni. Hilo la mwisho lina utata, kwani “karibuni” hutegemea aina ya mali: simu huuzwa na kuuzwa tena ndani ya siku moja, trekta haiendi hivyo. Yakithibitika yote, ndipo mshtakiwa hutakiwa kujieleza, na maelezo yanayoweza kuwa kweli humtosha. Kwa hiyo, ukinunua simu iliyotumika, dai risiti.