Mvuke Huu Si Hewa Safi

Msikilizaji, sigara ya kielektroniki haina jivu wala harufu ya tumbaku, na hapo ndipo vijana wengi wanaponasa. Ndani yake mna betri, waya mdogo unaopata moto, na kimiminika chenye nikotini na ladha ya embe au mnanaa. Kinachovutwa ni chembechembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu.

Marekani ilipata funzo chungu mwaka 2019. Kufikia Februari 2020, zaidi ya watu 2,800 walikuwa wamelazwa au kufariki kwa maradhi ya mapafu yaliyohusishwa na uvutaji huo. Waliofariki ni 68. Uchunguzi ulimtaja mshukiwa mkuu: mafuta ya vitamini E yaliyotiwa kwenye vimiminika vya bangi. Vitamini hiyo ikiliwa haina neno; ikivutwa, inaumiza mapafu.

Nikotini nayo huongeza mapigo ya moyo, na ubongo wa kijana, unaokua hadi miaka 25 hivi, huizoea upesi. Uganda ilipiga marufuku sigara za kielektroniki kwa sheria ya mwaka 2015.

Mvutaji sugu akihama kabisa kutoka sigara ya kawaida hupunguza sumu anayovuta. Mtoto ambaye hajawahi kuvuta hapunguzi chochote. Anajitia kwenye uraibu. Wazazi, wenye maduka na serikali, asiuziwe.