Mbolea ya Nyasi na Usalama wa Mbwa



Theluji ikishayeyuka na jua la Aprili likaanza kupasha ardhi, wakaazi wa Stockholm hutoka kuhudumia nyasi za uani na vishamba vya bustani, desturi iliyoota mizizi mjini hapa tangu mwaka 1906, Anna Lindhagen na wenzake walipoanzisha chama cha vishamba hivyo. Magunia ya mbolea hufunguliwa wakati huo huo, na mbwa huwa karibu.

Mbolea ya kawaida ya chenga, yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu, ikilambwa kidogo aghalabu huleta kutapika na kuharisha tu. Kuna mbili za kuogopwa zaidi. Ya kwanza ni ile iliyotiwa madini ya chuma ili kuua mossa, lile zulia la kijani linaloota penye kivuli na kuwakera Waswidi kila mwaka. Chuma kingi hujeruhi tumbo, na baadaye ini. Hila yake ni kwamba mbwa hutapika, kisha huonekana amepata nafuu kwa saa kadhaa. Mwenyewe akaghafilika, ilhali madhara yanaendelea ndani. Ya pili ni mbolea ya unga wa mifupa au wa damu. Pua ya mbwa huiona kuwa ni karamu, naye akila nyingi, unga wa mifupa huweza kugandamana tumboni hata ukaziba njia ya chakula. Neno «asilia» juu ya gunia lisimpumbaze mtu.

Wengi wanaosikiliza hawafugi mbwa ndani ya nyumba, kwa sababu zijulikanazo. Hata hivyo ua wa majengo ni wa shirika, na mbwa wa jirani hupita hapo kila asubuhi. Kisa cha mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake hakihitaji kusimuliwa upya kwa hadhira hii. Basi anayemwaga mbolea na azingatie kipimo, afagie chenga zilizoanguka njiani, amwagilie maji mpaka ziyeyuke, na abandike tangazo mlangoni. Mbwa asirejee hapo hadi nyasi zikauke. Gunia lifungiwe chumbani. Watoto watambaao nao hutia kinywani kila wakionacho.

Mbwa akishakula, asitapishwe nyumbani, wala asinyweshwe maji ya chumvi, tiba ya mitaani ambayo yenyewe huweza kumwua. Mwenyewe ampigie simu daktari wa wanyama upesi bila kungoja dalili, amsomee viambato vilivyoandikwa kwenye gunia, amtajie uzito wa mbwa na kiasi kinachokadiriwa kuliwa. Ikiwa aliyekula ni mtoto, na hali ni ya dharura, hupigwa 112 na kuombwa Giftinformation. Pasipo dharura ni 010-456 67 00. Asiyekimudu Kiswidi azungumze Kiingereza, na gunia liwe mkononi mwake.