Gesi ya Mashine ya MIG kwa Fundi wa Nyumbani

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja, fundi wa vyuma, katika mkutano wa wanachama wa Meru na Embu. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Nimeombwa na Halmashauri niseme habari ya gesi, na sababu yenyewe mwaijua. Wengi wetu tukimaliza kazi ya mwajiri, iwe ni kiwanda cha majani chai au karakana ya magari, jioni na Jumapili tuna kazi ya pili nyumbani: geti la jirani, mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, keria ya pikapu ya kubebea miraa. Zamani tulichomelea kwa rodi tu. Sasa mashine ndogo za MIG zimeingia, na mtu huchukua mkopo wa sako ili ainunue. Akiisha kuifikisha nyumbani ndipo anapogundua kwamba amenunua ng'ombe bila kuuliza habari ya majani.

Kwanza tuelewe kazi ya gesi hii. Haiwaki, wala haiongezi moto. Kazi yake ni kufukuza hewa. Chuma kilichoyeyuka kikiguswa na hewa huingiwa na vitundu kama andazi, na kiungo chenye vitundu hukatika. Rodi ina unga wake wa kukilinda chuma, lakini waya wa MIG uko uchi, kwa hiyo gesi ndiyo nguo yake. Uchomeleaji huu ulianza Marekani mwaka 1948 kwa gesi za bei kubwa, na mwaka 1953 mafundi wa Urusi wakaonyesha kwamba CO2, gesi ile ile ya soda, yaweza kufanya kazi hiyo kwa chuma cha kawaida. Hapo ndipo maskini naye alipopata mlango.

Mkienda dukani mtasikia majina matatu: CO2, argoni, na mchanganyiko wa hizo mbili. Argoni hutolewa katika hewa hii tunayovuta, kwa kuipoza mpaka iwe maji na kuitenga. Na kwa kuwa haifiki hata sehemu moja katika mia ya hewa, lazima bei yake iwe juu. CO2 twaipata hapa hapa Kenya. Kampuni ya Carbacid imeichimba kutoka ardhini huko Kereita, upande wa Lari, kwa miaka mingi. Mimi nasema hivi, na anayebisha aje tubishane baadaye: fundi wa mageti, madirisha na keria atumie CO2. Inapenya vizuri katika chuma kinene. Ubaya wake ni cheche nyingi, na utakaa na grainda muda zaidi. Mchanganyiko, kama ule wa argoni sehemu 80 na CO2 sehemu 20, hutulia zaidi, hauchafui kazi, na ni mwema kwa bati jembamba la bodi ya gari. Ukiwa na mteja anayelipia uzuri huo, nunua. Ukikosa mteja wa namna hiyo, fedha yako inapotea hewani, kweli kabisa. Argoni tupu iacheni kwa aluminiamu, kama mtungi wa maziwa uliopasuka. Kwa chuma cha kawaida haifai. Mshono hukaa juu juu kama uji uliomwagika mezani.

Kuna ndugu waliouziwa mashine inayotumia waya wenye unga ndani, usiotaka gesi. Si kitu kibaya. Kwetu Meru, upepo wa mlima ukianza alasiri na huna kibanda, gesi yote hupeperushwa, na waya huo utakusaidia. Lakini ni ghali kuliko waya wa kawaida, tena lazima ubadilishe nyaya ndani ya mashine, bunduki iende upande wa kutoa badala ya upande wa kujumlisha. Wengi hawaambiwi jambo hili, wakalaumu mashine bure.

Sasa nije kwenye kununua, maana hapo ndipo tunapoibiwa, au tunapojiibia wenyewe.

Miaka michache iliyopita nilinunua mtungi wa CO2 katika duka moja kando ya barabara. Nilifunga geji mbele ya mwenye duka, sindano ikasimama kwenye 55, nikafurahi, nikalipa bei ya mtungi uliojaa kilo 10. Nilimaliza geti la kwanza na la pili. Katikati ya geti la tatu, Jumamosi saa kumi, mteja amesimama mlangoni, gesi ikaisha. Jumatatu nilirudi dukani. Yule bwana akaniuliza, "Si uliona geji mwenyewe?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa kweli niliiona.

Kosa langu lilikuwa hili. CO2 ndani ya mtungi ni maji, na juu ya maji hayo kuna gesi. Maadamu kuna maji ndani, hata kidogo, geji husimama mahali pamoja, kama 57 kwa siku ya joto la digrii 20, chini kidogo kukiwa na baridi. Mtungi uliojaa na mtungi uliobakiwa na robo huonyesha namba moja. Ukiona sindano imeanza kushuka, jua maji yamekwisha. Kwa hiyo CO2 hainunuliwi kwa geji. Inanunuliwa kwa mizani. Soma uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye bega la chuma, uuweke mtungi juu ya mizani, utoe. Muuza duka asiye na mizani, mwambie mwende pamoja mpaka kwa mnunuzi wa kahawa au wa vyuma chakavu. Akikataa, umekwisha pata jibu.

Argoni na mchanganyiko ni tofauti. Hizo hazigeuki maji mtungini, na geji husema kweli: ikishuka nusu, gesi imebaki nusu.

Hesabu yake si ngumu. Kilo moja ya CO2 hutoa lita 540 hivi za gesi. Kwa waya wa milimita 0.8, ndani ya kibanda, lita 12 kwa dakika zatosha. Nilipima kwa saa yangu: geti la kawaida langu lachukua dakika 40 za moto wenyewe, yaani lita 480. Basi kilo 10 zanipa mageti 11. Gawanyeni bei ya gesi kwa 11, mtajua mumtoze mteja kiasi gani. Wako wanaofungua lita 20 na zaidi wakidhani ni ulinzi. Gesi ikienda mbio hivyo huzunguka na kuivuta hewa ndani, vitundu vikarudi. Pakeni povu la sabuni kwenye viungo vya mpira kila wiki, na fungeni koki ya mtungi jioni.

Mtungi wenyewe ni wa nani? Mara nyingi ni mali ya kampuni, nawe unalipa amana na kodi. Andikisheni risiti ya amana na muihifadhi. Ukiuziwa mtungi moja kwa moja, angalia tarehe ya kupimwa iliyogongwa kwenye chuma, na uulize kwanza kama kuna atakayekubali kuujaza. Rangi msiziamini, maana mitungi ya Uingereza ya zamani na ya siku hizi haina rangi moja, na mingine imepakwa upya na watu tusiowajua. Someni karatasi iliyobandikwa. Oksijeni haiwezi kushika kazi hii hata siku moja, na gesi ya kupikia ni kifo.

Msinunue pia gesi iliyohamishwa kutoka mtungi mkubwa hadi mdogo nyuma ya duka. CO2 lazima iachiwe nafasi ya kutanuka. Ikijazwa kupita kiasi, kisha mtungi ukalala juani kule Mbeere, chuma chaweza kupasuka. Mtungi wa kuzimia moto nao una bomba ndani linalovuta maji kutoka chini, utagandisha regileta. Hata regileta njema huganda baridi ya Julai, mkifungua sana. Ipumzisheni, msiichome kwa moto.

Wakati wa kuusafirisha, mtungi usimame na kufungwa, koki iwe na kofia yake, nyuma ya pikapu. Katika matatu yenye watu hapana: CO2 ni nzito kuliko hewa, ikivuja hukaa chini na kuwanyima watu pumzi. Kwa sababu hiyo hiyo msichomelee ndani ya tangi au shimoni. Na kibanda kiwe wazi juu. Maziwa tunayokunywa baada ya kuchomelea mabomba ya mabati hayafiki mapafuni, ingawa mimi mwenyewe nayapenda.

Jambo la mwisho ni zito. Mwenzetu mmoja alifukuzwa kazi kwa sababu ya gesi ya mwajiri aliyoijaza katika mtungi wake. Chama kilimtetea, lakini hatukuwa na la kushika. Tena sheria ya mwaka 2007 ya fidia inamlinda mfanyakazi anayeumia katika kazi ya mwajiri. Nyumbani kwako, siku ya Jumapili, hakuna wa kumdai.

Kwa hiyo naomba Halmashauri iruhusu tuandikishe majina, watu wa Embu na Chuka pamoja, watu wa Nkubu na Meru pamoja, tuagize mitungi mikubwa Nairobi kwa gari moja, amana iwe ya kikundi na mizani iwe yetu. Katibu anayo daftari pale mlangoni. Naona mikono imeinuliwa kule nyuma, na mmoja wao najua ataniuliza habari ya argoni, basi nakaa.