Msaada wa Nyumbani na wa Ng'ambo

(Hotuba ya Katibu mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati imenipa heshima ya kusema nanyi baada ya kusomwa hesabu za mwaka. Katika mkutano uliopita mzee wetu mmoja aliuliza: "Je, yafaa fedha ya chama itoke nje ya nyumba, hali ndani ya nyumba mna wenye shida?" Swali hilo ni la haki, wala halikujibiwa siku ile. Nimeona vyema kulijibu kwa habari za chama kingine, kikubwa kuliko chetu, ambacho nacho kilianza kikiwa kidogo.

Tarehe 23 Februari 1905, mjini Chicago katika Marekani, mwanasheria Paul Harris alikutana na wenzake watatu. Walipatana kukutana kwa zamu, leo katika ofisi ya huyu, mara nyingine katika ofisi ya yule. Na kwa kuwa mikutano ilizunguka hivyo, wakakiita chama chao Rotary. Hapo kwanza haja yao ilikuwa urafiki na kufaana katika biashara. Lakini haukupita muda wakatazama nje ya mlango. Mwaka 1907 walishughulikia jambo ambalo wengi wangeona haya hata kulitaja, yaani kuupatia mji wao vyoo vya watu wote. Basi, mzee wetu, nao walianza nyumbani.

Mwaka 1917 kiongozi wao, Arch Klumph, alitoa shauri iwekwe akiba ya kutenda mema ulimwenguni. Mchango wa kwanza ulitoka katika klabu ya Kansas City mwaka 1918, nao ulikuwa dola 26 na senti 50. Nawaombeni mwikumbuke hesabu hiyo, maana miongoni mwetu wamo waonao haya kuleta kidogo. Chama kile kilifika Johannesburg mwaka 1921, na Nairobi mwaka 1930.

Kazi yao iliyo kubwa kupita zote ni kupigana na polio, ugonjwa uwapoozao watoto viungo. Mwaka 1979 walianza katika Ufilipino, wakakusudia kuwachanja watoto milioni 6. Mwaka 1985 wakaazimia kuwafikia watoto wa dunia nzima. Mwaka 1988, Shirika la Afya Duniani lilipoungana na mataifa katika kazi hiyo, ugonjwa ulikuwa ukikaa katika nchi 125, ukipooza watoto wapatao 350,000 kila mwaka. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeepukana na polio ya asili. Makao yaliyosalia ya ugonjwa huo wa asili ni Pakistan na Afghanistan tu.

Sasa mtu aweza kusema, "Pakistan ni mbali, yatuhusu nini?" Na atazame yaliyotukia. Mwaka 2013 polio ilizuka upande wa Dadaab, katika nchi yetu hii, ikapooza watu 14. Mbegu yake ilikuwa imetoka Afrika ya Magharibi. Tena mwaka 2022 Malawi ilitangaza mtoto aliyepatwa na ugonjwa ambao mbegu yake ni ya Pakistan. Ugonjwa haukuomba ruhusa mpakani. Kwa hiyo yule aliyetoa senti yake ili mtoto wa ng'ambo atiwe matone mawili kinywani, alikuwa pia akiulinda mlango wake mwenyewe.

Yanipasa sasa kusema habari za nyumba yetu, nami nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mwanachama mmoja aliomba tumsaidie kununua vyuma vya mguu kwa ajili ya mwanawe aliyepooza. Mimi ndimi niliyemwandikia jibu: kwamba kanuni zetu zaruhusu msaada wa mazishi na wa kusafirisha maiti, basi. Barua ile haikuwa na kosa hata la nukta, nami nilijivunia. Majuma mawili baadaye alifariki mwanachama mwingine, nasi tukachanga gharama za gari kwa siku moja. Yule baba alileta fungu lake bila neno lo lote. Niliandika jina lake katika daftari, nisiweze kumtazama usoni.

Ndugu zangu, kumzika mwenzetu kwa heshima ni wajibu, wala sisemi tuuache. Lakini kama mkono wetu hufunguka upesi kwa aliyekufa na kufungwa kwa aliye hai, upungufu haumo mfukoni. Umo katika kanuni.

Kwa hiyo naleta mashauri mawili. La kwanza, fungu dogo la michango ya kila mwezi liwekwe mbali kwa ajili ya wanachama walio hai na watoto wao, wenye ugonjwa au ulemavu. La pili, serikali itangazapo siku za chanjo, tutoe watu wa kufuatana na wahudumu wa afya nyumba kwa nyumba. Mgeni agongapo hodi na chupa ya dawa, mama huweza kuogopa. Akiona jirani amjuaye, atamleta mtoto. Kazi hiyo haitaki fedha, yataka miguu na maneno mazuri, na manufaa yake hayatakoma mpakani.

Mzee wetu alitaka tuchague kati ya nyumba na ng'ambo. Jibu langu ni kwamba tuanze nyumbani, lakini mlango tusiufunge. Na mkiyakubali mashauri haya leo, naomba ruhusa ya kuandika barua moja zaidi kwa yule baba, ambayo nimechelewa mno kuiandika.