Tujenge Mtandao wa Amani Kabla ya Kampeni Kuanza

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanaharakati na waumini wa makanisa, Kesses, Uasin Gishu

Makasisi na wachungaji, wazee wa kokwet, kina mama, vijana, na wapenda mageuzi wote:

Tumekutana leo Kesses bila kumwomba mtu leseni. Wenye umri wa kukumbuka wanajua kwamba kabla ya mageuzi ya sheria ya mwaka wa 1997, mkutano wa hadhara ulihitaji leseni ya serikali, na leseni hiyo ilinyimwa watu kwa urahisi. Mnamo Septemba 1993, wakati wa mapigano ya kikabila, serikali ilitangaza jirani zetu wa Burnt Forest, pamoja na Molo na Londiani, kuwa maeneo ya usalama maalum, ikawapiga marufuku watu wa nje kuingia, waandishi wa habari wakiwemo. Ndiyo desturi ya utawala wa mabavu. Ukitaka kuwagawanya wananchi, kwanza unawakatia njia ya kujuana hali.

Ikiwa mabaya yalienezwa kwa mpango, mazuri nayo hayana budi kuenezwa kwa mpango. Hilo ndilo tulilokuja kulisema. Jamii zetu hazikukosa mawazo mema. Zilichokosa ni njia ya kuyapitisha mawazo hayo kutoka tarafa moja hadi nyingine kabla damu haijamwagika.

Tutoe mfano ambao haukuzaliwa katika chuo kikuu wala katika ofisi za Nairobi. Ulizaliwa sokoni, Wajir. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, koo za Wajir zilikuwa zikiuana, na soko lenyewe likawa limegawanyika. Kina mama wa koo mbalimbali, Dekha Ibrahim Abdi akiwa miongoni mwao, walikubaliana jambo dogo: kila mwanamke awe huru kuuza na kununua kwa yeyote, bila kujali ukoo, na wao wenyewe walinde makubaliano hayo. Kutoka sokoni wakawaendea wazee, kisha vijana, kisha wafanyabiashara. Mwaka wa 1993 wazee walitia sahihi Azimio la Al-Fatah, na mwaka wa 1995 kazi hiyo ikaunganishwa na utawala wa wilaya kwa kuundwa kamati moja ya amani na maendeleo.

Baadaye mfano huo ulichukuliwa na wilaya nyingine za kaskazini. Baada ya machafuko ya 2007 na 2008, ambayo Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 ndani yake, kamati za amani zilienezwa nchini kote. Dekha Ibrahim Abdi alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood mwaka wa 2007, akafariki mwaka wa 2011. Jambo lililoanzishwa na kina mama wa sokoni likawa sera ya taifa.

Hapa kwetu nako hatukulala. Marehemu Askofu Cornelius Korir, aliyeiongoza Dayosisi ya Katoliki ya Eldoret tangu mwaka wa 1990 hadi alipofariki mwaka wa 2017, aliwapokea maelfu ya waliokimbia katika uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu. Kisha akaanza kazi ngumu zaidi, kazi ya kurudisha ujirani. Njia yake aliieleza katika kitabu alichokiita Amani Mashinani, cha mwaka wa 2009. Kwanza kila jamii ilisikilizwa peke yake, ili uchungu utoke. Kisha watu wachache wa pande mbili wakakutana, wakala pamoja, wakaelezana malalamiko bila kufichana, wakarudi kuwapasha habari watu wao. Mwisho ilitafutwa kazi ambayo kila upande uliihitaji: barabara, shule, josho la ng'ombe. Ng'ombe wa Mkalenjin na ng'ombe wa Mkikuyu wakioshwa katika josho moja, wenye ng'ombe hulazimika kuzungumza.

Ndugu zetu, mifano hii miwili inatufunza mambo mawili. La kwanza, wazo jema husafiri kwa miguu ya watu walioliona likifanya kazi. Waraka peke yake haupatanishi majirani. La pili ni onyo. Kamati ikiwa mikononi mwa mkubwa mmoja, au ikiwa kiti cha kugombania posho, siku mkubwa yule atakapogeuka au posho itakapokatika, kamati itakufa. Mtandao wenye mafundo mengi hauvunjwi kwa kukatwa fundo moja.

Kama wanasheria tunawakumbusha kwamba njia iko wazi. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 36, inatupa uhuru wa kujumuika. Kifungu cha 37 kinatupa haki ya kukusanyika na kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamruhusu mwananchi kulipelekea bunge la kaunti ombi lake. Haki hizi zilipiganiwa. Zisiachwe zilale kwenye karatasi.

Kwa hiyo tunapendekeza haya. Kila kanisa, kila chama cha kina mama na kila kokwet ichague watu wawili, mwanamke na mwanamume, wasiokuwa wagombea wala mawakala wa wanasiasa. Hao watembeleane: wa Cheptiret waende Burnt Forest, wa Burnt Forest waje Kesses, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi, ambao ni majirani zetu, waalikwe kuyaandika yaliyofaulu na yaliyoshindikana, kwa lugha ambayo mama wa sokoni anaielewa. Kila mmoja awe na nambari ya simu ya mwenzake wa jamii nyingine, ili uvumi ukizuka usiku, aulizwe mwenyewe kabla mtu hajachukua panga. Uongozi uwe wa zamu, na nauli itoke katika michango yetu wenyewe, ili asiwepo wa kutuambia kesho tunyamaze.

Katiba imeweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Tarehe tunaijua. Wachochezi nao wanaijua, na hawangoji Julai ndipo waanze kazi yao. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyika, na nyika hiyo ni mashamba yetu na watoto wetu. Tukitoka hapa, kila mmoja na amtafute jirani asiyezungumza lugha ya mama yake, wapange siku ya kutembeleana. Mtandao uanzie hapo.

Mungu aibariki Kenya.