Kila Kazi ya Darasa na Kanuni Yake
(Maneno ya waalimu katika mkutano wa wafanya kazi walio wazazi)



Sisi ni waalimu, nasi pia ni watu wa mshahara kama ninyi. Twajua kengele ya asubuhi na twajua barua ya onyo. Tumekuja kusema juu ya jambo moja tu, yaani mwenendo wa watoto darasani wanapokuwa katika kazi mbali mbali. Wengi wenu hutuuliza, "Mwalimu, mbona siku hizi darasani kuna makelele?" Wengine hutuambia, "Mtoto wangu ni mkaidi, mchape." Maneno hayo mawili twataka kuyajibu.

Tuanze kazini kwenu. Mtu aliye mbele ya msumeno wa mashine hapigi soga, maana akigeuka kumjibu mwenzake atapoteza kidole. Lakini wapakuzi wa mizigo wakinyamaza, gunia litamwangukia mtu. Hao sharti waitane, hata waimbe, ili wavute pamoja. Je, tutasema wa msumeno ana adabu na wa gunia hana? Hapana. Kila kazi ina adabu yake, na mtu mpya huonyeshwa adabu hiyo kabla ya kushika chombo. Msimamizi akimwadhibu mtu kwa kanuni ambayo hakuambiwa, chama husimama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema mwajiri asimwachishe mtu kazi kwa kosa la mwenendo kabla ya kumweleza sababu kwa lugha anayoielewa, na mtu huyo ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama wakati wa kuelezwa. Hayo twayadai kwa ajili ya mtu mzima. Mtoto wa miaka minane mjumbe wake ni nani?

Sasa tazameni darasa. Saa tatu mwalimu asema, "Zungumzeni katika vikundi." Watoto wazungumza. Saa tatu na dakika ishirini mwalimu ageuka ubaoni kuandika, wala hasemi kitu. Mtoto aliyekuwa katikati ya neno lake aendelea. Huyo ndiye anayeitwa mkaidi! Hakuambiwa kwamba kazi imebadilika. Mambo ya namna hii ni mengi shuleni, na mengi yasingekuwako kama kanuni ingetajwa kwanza.

Mwalimu anapofundisha ubaoni, kanuni ni nyepesi: macho mbele, kalamu chini, anayetaka kusema ainue mkono. Kazi ya daftari, kila mtoto peke yake, nayo haina maneno mengi. Ila mtoto ajue afanye nini akikwama, na afanye nini akimaliza mapema. Mkimwacha aliyemaliza bila kazi, yeye atajitafutia kazi, na kazi hiyo hamtaipenda.

Penye shida ni vikundi. Mtaala ulioanza mwaka 1985, ule wa 8-4-4, wengi wenu mliusoma, nao uliwazoesha kusikiliza na kunakili. Mtaala ulioanza mwaka 2019 kwa watoto wa chekechea na Gredi ya 1 hadi ya 3 wataka mtoto afanye, aulize na ashirikiane na wenzake. Basi sauti lazima ziwepo. Lakini ziko sauti tatu, na watoto huzijua upesi wakifundishwa: ya kunong'ona, ya kusikiwa na wa meza moja, na ya uwanjani. Katika kikundi twataka ile ya pili. Tena si kusema "fanyeni pamoja" na kuondoka. Kila mtoto apewe wajibu: mmoja aongoze, mmoja aandike, mmoja atunze vifaa, mmoja aje kutoa habari mbele. Wajibu huu ubadilishwe kila juma, kwa maana tumeona kwamba msichana mwenye mwandiko mzuri hufanywa karani mwaka mzima, na mvulana mwenye sauti kubwa hufanywa mwenyekiti wa maisha. (Vyama vingine pia vina ugonjwa huo, lakini leo hatukuja kwa hayo.) Na kama kitabu ni kimoja kwa watoto watatu, isemwe waziwazi nani akishika, nani afungue ukurasa, na wabadilishane lini. Ugomvi mwingi wa darasani ni ugomvi wa kitabu na kifutio.

Tena kuna dakika za katikati, watoto wanapotoka kazi moja kwenda nyingine: kupanga madawati, kukusanya madaftari, kutoka nje kwenda kwenye shamba la shule. Hapo ndipo watoto husukumana na kuumizana. Njia ni kuyafanya mazoezi. Juma la kwanza la muhula mwalimu aonyeshe, watoto waige, warudie mara tatu na nne, mpaka makofi mawili yatoshe kuwanyamazisha. Na katika madarasa ya chini kanuni isemwe kwa lugha ambayo watoto wanaielewa. Kanuni nne au tano kwa kila kazi zatosha. Tumeona darasa lenye kanuni ishirini na mbili ukutani, kwa Kiingereza, juu ya vichwa vya watoto wa Gredi ya 1 ambao bado hawajui kusoma.

Sasa juu ya kuchapa. Fimbo ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 29, yakataza adhabu ya kupigwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, yasema anayempiga mwanafunzi aweza kutozwa faini mpaka shilingi 100,000 au kufungwa mpaka miezi sita, au vyote viwili. Kwa hiyo mzazi anapotuambia "mchape", atutuma kuvunja sheria na kupoteza kazi, na mtoto wake hajifunzi kitu ila kuogopa. Hata hivyo fimbo bado iko katika shule nyingi, na twajua sababu moja kubwa: mwalimu aliyelemewa hushika kilicho karibu.

Maana watoto ni wengi. Ada ya shule za msingi za Serikali ilipofutwa Januari 2003, wanafunzi walizidi kwa zaidi ya milioni moja katika mwaka ule mmoja. Lilikuwa jambo jema sana, na watoto wa wafanya kazi ndio waliofaidika. Lakini vyumba na waalimu havikuongezeka kwa kadiri hiyo. Darasa la watoto sabini lina vikundi kumi na viwili, na mwalimu ana miguu miwili. Kanuni zikitangulia, watoto wataweza kujiendesha kwa dakika kumi naye yuko upande wa pili. Zisipokuwako, hataweza kabisa. Lakini msisikie kwamba kanuni zatosha mahali pa mwalimu wa pili. Hazitoshi, na madai yetu ya waalimu zaidi hatuyaachi.

Twawaomba mambo mawili. Mtakapokwenda katika mkutano wa wazazi, msiulize tu juu ya alama, ulizeni, "Watoto wanapokuwa katika vikundi, kanuni zenu ni zipi, na nani aliwaambia?" Mwalimu mkuu akiwa hana jibu, ulizeni tena muhula ujao. Na jioni mtoto akirudi nyumbani amepewa adhabu, kabla ya kumwongezea nyingine mwulizeni alikuwa katika kazi gani, na alikuwa ameambiwa nini.

Maswali sasa, Bwana Mwenyekiti.